Kisa Kifupi na Safari Yake ya Kuchapwa: Habari za Masasi na Newala

Kila zinapokusanywa insha za utamaduni wa taifa letu, nchi ya Kusini hupewa nafasi yake maalumu, nayo huwa ndogo. Hutajwa kinyago cha mpingo, hutajwa ngoma ya sindimba, pengine hutajwa na korosho. Kisha msomaji huchukuliwa upesi hadi pwani ya kaskazini, kwenye tenzi na mashairi, kana kwamba watu wa Masasi na Newala walijaliwa mikono na miguu lakini hawakujaliwa maneno. Nia yetu katika makala haya ni kuisahihisha dhana hiyo kwa mfano mmoja tu. Mfano wenyewe ni kisa kifupi, yaani hadithi inayoanza na kwisha katika ukurasa mmoja au chini ya hapo. Na pamoja nacho, njia ndefu ambayo kisa hicho kimepitia kutoka kinywani mwa wenyeji hadi kwenye mtambo wa chapa.

Neno kisa tumelichagua kwa makusudi. Siku hizi vijana wengi wanaoandika hadithi za maneno mia mbili au mia tatu katika simu zao hudhani kwamba wameokota mtindo mpya kutoka ng'ambo, nao huhangaika kuutafutia jina. Jina lipo. Mzee wa zamani hakusema kwamba anayo hadithi fupi sana. Alisema, "Nina kisa," na msikilizaji akajua papo hapo kwamba hatakeshwa. Ngano ilikuwa na wakati wake, na nyimbo zake, na kiitikio chake, tena haikutolewa mchana. Kisa kilitolewa popote: njiani, shambani, katika dungu la kulindia mazao, au barazani penye shauri. Mzee aliyesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba hakuwa na haja ya hotuba. Alitoa kisa cha ndugu wawili na mwembe mmoja, akanyamaza, akawaacha wagomvi wakitazamana. Kunyamaza kule kulikuwa sehemu ya kisa, na tutakuja kuona kwamba ndiyo sehemu iliyo ngumu kuliko zote kuandikwa.

Yafaa msomaji asiyeijua nchi hii apewe sura yake. Masasi imekaa chini, katikati ya milima ya mawe matupu inayochomoza ghafla kutoka katika ardhi tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo ya mto. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamechanganyika katika wilaya hizi tangu zamani, kwa ndoa, kwa biashara na kwa vita. Juu ya uwanda, udongo wa kichanga huyanywa maji yote ya mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kabla ya miradi ya mabomba ya miaka ya 1950, mwanamke wa Newala aliweza kumaliza nusu ya siku akishuka na kupanda kwa ajili ya mtungi mmoja. Hatusemi kwamba uhaba wa maji ndio uliozaa ufupi wa visa. Hoja ya namna hiyo hupendeza zaidi kuliko inavyothibitika. Tunachosema ni kwamba visa vingi tulivyovisikia huko vina maji ndani yake, na vilisimuliwa na watu wenye mizigo kichwani.

Habari ya maandishi inaanza mwaka 1876. Mwaka huo Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi UMCA, alitoka Unguja akashukia Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na hao ndio walioanzisha kijiji cha misheni huko Masasi. Steere alikuwa amekwisha kuchapisha London, mwaka 1870, mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Na misheni yake ilikuwa na mtambo wa chapa kisiwani humo. Mwaka ule ule wa 1876 kilichapwa Unguja kijitabu chake juu ya lugha ya Kimakonde. Mwaka 1879 mwenzake, Chauncy Maples, akatoa kingine juu ya Kimakua. Na tuangalie hapa jinsi mambo yalivyofuatana. Lugha za watu hawa ziliingia katika chapa kwanza kama orodha za maneno, neno la kienyeji huku na maana yake ya Kiingereza kule. Mgeni alihitaji kujua neno la maji, la njia, la mzigo na la mpagazi. Kisa kiliambiwa kingoje.

Kingeweza kungoja kwa amani, lakini nchi haikuwa na amani. Mwaka 1882 kijiji cha Masasi kilishambuliwa na Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na Maples akahamishia kazi yake Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao. Biashara ya watumwa nayo ilikuwa bado haijakoma katika njia za kwenda pwani.

Sasa hatuna budi kuvuka bahari kidogo, kwa kuwa kalamu ya kwanza ya watu wa bara hii ya Kusini ilishikwa Unguja. Nje kidogo ya mji ilikuwapo shule ya wavulana ya misheni hiyo, mahali paitwapo Kiungani. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotekwa bara, wakauzwa, wakapakiwa katika majahazi, na kuokolewa baharini na manowari za Waingereza. Miongoni mwao walikuwamo Wayao na Wamakua. Watoto hao waliandika kwa Kiswahili habari za maisha yao: kijiji walikotoka, siku ya kutekwa, safari ya kwenda pwani, jahazi, na kuokolewa kwao. A. C. Madan, aliyekuwa mtaalamu wa lugha katika misheni hiyo, akazitafsiri, na mwaka 1887 zikatoka London katika kitabu kiitwacho Kiungani.

Tungependa walimu wa fasihi wakitazame kitabu hicho kwa jicho lingine. Kimezoeleka kutumiwa na wanahistoria kama ushahidi wa utumwa, na kweli ni ushahidi. Lakini pia ni kazi ya uandishi. Kwa maoni yetu, hayo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya nathari fupi yaliyotungwa na vijana wa bara la Afrika ya Mashariki kwa Kiswahili. Watoto hao walikuwa na kalamu ngeni mkononi na lugha ambayo wengi wao hawakuinyonya kwa mama. Wala jambo lenyewe halikuwa la kurefushwa. Mtoto aliyetenganishwa na mama yake haandiki kurasa kumi juu ya hilo. Huandika sentensi moja, kisha huendelea na safari. Anayetaka kujua kwa nini ufupi waweza kuwa mzito kuliko urefu, aanzie hapo.

Lakini kuna jambo linalotuuma, nasi hatutalipita kimya. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho unaeleza kwamba kimeandikwa na wavulana wa shule za misheni, na jina linaloonekana hapo ni la Madan peke yake. Kilichochapwa tena ni tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili cha watoto wenyewe hakikupewa karatasi. Basi watunzi wakaingia katika historia bila majina yao na bila maneno yao. Hatumlaumu Madan kuliko inavyostahili, kwani bila yeye tusingepata hata hicho kilichopo, naye aliwaandikia wasomaji wa Uingereza ambao fedha zao ziliendesha shule. Hata hivyo jambo lililofanyika lilifanyika, na lilikuja kurudiwa mara nyingi.

Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ikaanza kutoa jarida lake lenyewe kwa Kiswahili, jina lake Msimulizi, nalo likaendelea hadi mwaka 1896. Ndani yake zilichapwa habari za shule na habari za vituo vya bara, na sehemu kubwa ya waandishi walikuwa walimu waliosoma hapo Kiungani kisha wakatawanywa katika vituo. Hebu msomaji afikirie mwendo wa barua ya mwalimu wa uwanda wa Makonde. Inaandikwa kwa mkono, inachukuliwa kwa miguu hadi Lindi, inangoja chombo, inafika Unguja, inasomwa, inakatwa, na herufi zake zinapangwa moja moja kwa vidole. Jarida linarudi kwa njia ile ile. Mwalimu anayejua kwamba maneno yake yatapita huko kote hujifunza kuacha yasiyo ya lazima. Miongoni mwa vijana wa Kiungani alikuwamo Cecil Majaliwa, aliyefanya kazi Chitangali, jirani na Newala, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Watu wa namna yake walikuwa wasomaji na waandishi kwa wakati mmoja, na jarida lilikuwa baraza lao.

Wala si sisi peke yetu ambao kisa chetu kilipimwa na ukubwa wa karatasi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880, kijana mmoja wa Urusi aliyekuwa akisomea udaktari, Anton Chekhov, alijipatia riziki kwa kuandikia majarida ya vichekesho, na jarida moja la St Petersburg lilimtaka asizidishe mistari 100. Alinung'unika, lakini alijifunza. Huko Japani, Kawabata, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1968, aliandika visa zaidi ya 100 ambavyo vilijulikana kama hadithi za kiganja cha mkono. Tumevitaja hivi ili mwanafunzi asione haya mtu akimwambia kwamba kuandika kwa ufupi ni dalili ya kukosa la kusema.

Turudi Newala. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipopamba moto, misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa. Mwaka uliofuata, majivu yakiwa hayajapoa vyema, alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, akakaa Masasi, Chingulungulu na Newala akikusanya kila alichoweza kukusanya. Alikuwa na mashine ya kunasia sauti katika mitungi midogo ya nta, na alikuwa na kamera. Alinasa nyimbo, akaandika hadithi na vitendawili, akawapa watu karatasi na kalamu wachore walivyotaka. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na mwaka 1909 kikatoka London kwa Kiingereza, tafsiri ya Alice Werner. Newala ilitoa wasimulizi, na Leipzig ikapata kitabu.

Weule hakuwa mtu mvivu wala mjinga. Baadhi ya aliyoyaandika yangekuwa yamepotea leo. Ila yeye aliwatazama wasimulizi kama mtu atazamavyo kisima: huchotwa, hakiulizwi. Zaidi ya hayo, aliandika mengi juu ya jando na unyago, na hapa pana mpaka ambao walimu wa leo wanapaswa kuujua. Vipo visa na mafumbo ya huko ambayo ni mali ya jandoni, hutolewa kwa waliokwisha kuingia, na hayatolewi nje. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana kwa jitihada zake za kuipatanisha jando na Ukristo, na hata yeye alilazimika kuongozwa na wazee katika kujua kipi kibaki na kipi kiondoke. Mwandishi kijana anayetafuta kisa cha kupeleka kwa mhariri asidhani kwamba kila alichokisikia ni chake kukichapisha.

Mabadiliko makubwa yalikuja Januari 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza mjini Dar es Salaam ilipoanza kutoa Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali, na mambo ya siasa yasiyoipendeza serikali hayakupata njia humo. Lakini lilikuwa na hadithi, mashairi, barua za wasomaji na habari za miji, na lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi kuliko walionunua. Mwalimu wa Masasi au karani wa boma la Newala aliweza kuandika kipande kidogo, akakitia katika bahasha, kisha baada ya muda akakiona kimechapwa kwa Kiswahili chake, na chini yake jina lake na mahali alipo. Tukumbuke wale watoto wa Kiungani, tutafahamu ukubwa wa jambo hili. Jina na mahali! Wapo wazee waliozihifadhi nakala hizo sandukuni pamoja na risiti za kodi, hata karatasi ikageuka rangi ya chai.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, ikaundwa East African Literature Bureau kwa ajili ya kuchapisha vitabu vya lugha zetu. Jambo hilo lilikuwa jema kwa vitabu, lakini kisa kifupi kilipata shida mpya ambayo hakikuwa nayo zamani. Kisa hakifanyi kitabu. Mchapishaji wa vitabu vya shule anataka kurasa zenye kuzidi uzi wa kushonea. Mtu akimpelekea ukurasa mmoja, hata uwe mzuri namna gani, humrudishia. Ndipo ikazuka tabia, iliyodumu hadi leo, ya kuvuta kisa kama ngozi ya ngoma mpaka kifike urefu wa kitabu. Tumesoma riwaya kadhaa zilizokuwa visa vizuri kabla hazijaongezewa mjomba, safari ya mjini, na ajali ya basi.

Uhuru ulileta vyombo vingi. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1966 ikaanzishwa Tanzania Publishing House. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na baadhi ya hadithi hizo zikakusanywa na kuchapishwa na Longman katika vitabu vilivyoingia mashuleni. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yaliwapa watunzi nafasi, na gazeti la Jumapili bila hadithi lilionekana kama mboga bila chumvi. Ni vyema kukumbuka kwamba Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, alikuwa mhariri wa magazeti ya chama tangu mwaka 1966, miaka mingi kabla hajawa Rais. Mtoto wa Masasi alikuwa amefika kwenye kiti cha mhariri. Lakini kiti chenyewe kilikuwa Dar es Salaam, na barabara ya Kusini wakati wa masika haikupitika kwa urahisi. Gazeti liliweza kufika Newala likiwa limekwisha kuwa historia.

Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilibadili jambo jingine, yaani idadi ya wasomaji. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975. Mwaka 1986 walihesabiwa kuwa asilimia 9.6. Msomaji mpya, mwenye miaka hamsini na taa ya kibatari, hawezi kuanza na riwaya. Anahitaji ukurasa mmoja unaokwisha kabla mafuta hayajakwisha. Hapo kisa kifupi kingetukuka, kama bahati isingekuwa mbaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Bureau ile ikafa nayo. Bureau hiyo ndiyo iliyokuwa imechapisha Nairobi kitabu cha Yusuf Halimoja, Historia ya Masasi. Hata historia ya nyumbani ilibidi ikachapwe ugenini. Miaka ya mwanzo ya 1980 karatasi ikaadimika nchini hata madaftari ya shule yakawa ya kugawana. Miswada ililala katika makabati. Misheni ya Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906 katika nchi ya Masasi, ilikuwa na kiwanda chake cha chapa, na kwa watu wa wilaya zetu hicho ndicho kilichokuwa karibu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya dini, jambo ambalo lilikuwa haki yake.

Hadi hapa tumesema habari za njia. Sasa tuseme kidogo habari za kisa chenyewe, maana walimu hutuuliza jinsi ya kukifundisha. Tumekitunga hiki kiwe mfano.

"Mwanamke alikuwa akipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani. Njiani akamkuta mkwewe ana kiu, akampa kata moja. Akamkuta mtoto, akampa kata moja. Akamkuta mgeni, akampa kata moja. Alipofika nyumbani, mumewe akachungulia ndani ya ndoo, akauliza, 'Maji yamekwenda wapi?' Mke akasema, 'Yamekwenda kwa watu.' Siku ya pili mume akachukua ndoo, akashuka bondeni mwenyewe. Akarudi jioni. Ndoo ilikuwa tupu."

Kisa kinaishia hapo. Tulipokisoma mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, darasa liligawanyika. Baadhi walisema mume aliwapa watu maji kuliko mkewe alivyowapa. Wengine wakasema aliyanywa yote mwenyewe kwa uchovu wa mlima. Msichana mmoja akasema kwamba mume hakufika kisimani kabisa, kwa kuwa hakuijua njia. Hatukuwaambia nani amepata, kwa sababu sisi wenyewe hatujui, na laiti tungelijua tungeliandika na kisa kingekufa. Sentensi moja tu zaidi, kwa mfano kwamba tangu siku ile mume hakuuliza tena, ingewanyang'anya wale watoto ubishi wao wote. Huo ndio ule unyamavu wa mzee wa baraza. Kwa sauti ni rahisi, kwa kuwa mzee ana uso, ana mkongojo, ana ugoro wa kuvuta. Katika karatasi, mwandishi hana ila nukta.

Mwanafunzi atazame pia kwamba watu wa kisa hiki hawana majina, wala umri, wala mavazi. Hawakuhitaji. Kata ya maji imetajwa mara tatu kwa maneno yale yale, kama ilivyo desturi ya masimulizi, ili sikio lizoee na kutarajia. Kisha mazoea yanavunjwa. Kosa tunalolikuta mara nyingi katika maandishi ya vijana ni kuanza mbali. Hueleza jua lilivyochomoza, ndege walivyoimba, na hali ya hewa ya wilaya, hata nusu ya ukurasa ikaliwa kabla mtu hajatokea. Kosa la pili ni funzo la mwisho, ambalo hubandikwa kama stempu juu ya bahasha ambayo imekwisha kufika. Wahariri wa zamani walilipenda, na vitabu vya shule vililidai. Sisi tunalikata kila tukutanapo nalo.

Kuhusu kupeleka kwa mchapishaji, leo hali ni tofauti na siku za Msimulizi. Barua haitembei kwa miguu hadi Lindi. Kijana wa Kitangari au Nangomba aweza kuandika jioni na kusomwa Mombasa kabla ya kulala. Mashindano pia yameongezeka: Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili ilianzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Lakini tuzo kubwa hutazama zaidi mswada mzima, kwa hiyo mwenye visa na akusanye. Visa thelathini vyenye damu moja hufanya kitabu. Visa thelathini visivyojuana ni fungu la karatasi. Kabla ya hapo, kimoja kimoja kipelekwe magazetini na majaridani, kikiwa safi, chenye jina kamili na anwani, na nakala ibaki nyumbani.

Hilo la nakala si la mzaha. Sisi tuliwahi kupeleka kisa kwa mhariri mmoja, tukangoja miezi kumi na minne bila jibu. Kisha tukakiona kimechapwa, kichwa kimebadilishwa na jina letu halipo. Hatukuwa na nakala ya kuonyesha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inazitambua pia kazi za sanaa za jadi kuwa ni jambo la kulindwa; lakini sheria humsaidia yule mwenye ushahidi mkononi.

Kwa ajili hiyo tumekuwa tukiwashauri walimu wa sekondari za wilaya hizi mbili waanze na gazeti la ukutani, ambalo halihitaji mhariri wa mbali wala nauli. Kila mwanafunzi aende kwa mtu mzima mmoja wa kijijini kwake, bibi, babu au jirani, aombe kisa kimoja, akiandike kwa Kiswahili kisichozidi ukurasa, kisha arudi akamsomee aliyekitoa. Hatua hii ya kurudi ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo ambayo Madan na Weule hawakuipatia nafasi. Msimulizi akisema kwamba neno fulani silo, libadilishwe. Akisema kwamba kisa hiki si cha kubandikwa ukutani, kisibandikwe. Akikubali, chini ya kisa yaandikwe majina mawili, la aliyesimulia na la aliyeandika, pamoja na kijiji na mwaka. Na kama msimulizi hataki jina lake litajwe, pasiachwe patupu, bali iandikwe kwamba ameulizwa na amekataa.